Kilio Kilichopewa Vina: Kumbukumbu za Familia na Msiba katika Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema, kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Aghalabu methali hii hutumiwa kumhimiza mwenye shida ajitahidi kabla ya kusaidiwa. Hata hivyo, ndani yake mna swali la kifasihi: mtu wa mbali, asiyemjua marehemu wala nyumba yake, ataingiaje katika kilio kisicho chake? Swali hili humkabili kila mtunzi anayetaka kuigeuza kumbukumbu ya mzazi, mwenzi au mtoto aliyemtoka kuwa kazi ya sanaa. Akisema kwa jumla mno, kwamba marehemu alikuwa mwema na alipendwa na wote, huwa amemzika mara ya pili. Akiyamwaga yote yaliyomo moyoni bila mpango, msomaji hubaki nje ya mlango. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa kurejelea tungo za Mwana Kupona binti Mshamu na Shaaban Robert, jinsi uteuzi, umbo na mlengwa vinavyoufungua mlango huo.

Uteuzi wa Kumbukumbu

Mwana Kupona aliutunga utendi wake mwaka wa 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, alikuwa amefariki mwaka wa 1856. Historia humkumbuka Bwana Mataka kwa jinsi alivyopambana na Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar. Mjane wake hamkumbuki hivyo. Katika beti chache anazomtengea hamna ngome wala majeshi. Mna mume na mke walioishi kwa furaha bila ugomvi, na mume aliyeiaga dunia akiwa radhi na mkewe.

Wapo wahakiki wanaouona utendi huu kuwa mawaidha ya utiifu wa mke tu, na hoja zao zina mashiko. Lakini mawaidha hayo yameegemezwa juu ya kumbukumbu ya mtu aliyekwisha kuondoka na juu ya safari ya mama mwenyewe inayokaribia. Mwana Kupona aliteua lile ambalo yeye peke yake angeweza kulishuhudia, na ambalo, lau asingalilisema, lingalizikwa pamoja naye. Mtunzi chipukizi ana la kujifunza hapa. Sifa za jumla za mama zinajulikana na kila mtu. Fundo la leso alimofungia nauli ya mwanawe linajulikana na mwanawe tu. Sanaa huanzia kwenye fundo hilo.

Umbo la Majonzi

Shaaban Robert (1909-1962) alipofiwa na mkewe, Amina, alimtungia shairi lenye jina lake, ambalo limo katika tawasifu yake, Maisha Yangu. Mtu angetarajia maneno ya mfiwa yatoke vipande vipande. Kinyume cha matarajio hayo, shairi ni tarbia iliyopimwa: mishororo minne, mizani nane kwa kila kipande, vina vya kati na vya mwisho, na kibwagizo kinachosisitiza kwamba kifungo cha mapenzi yao hakina wa kukitengua.

Kwa nini mwenye majonzi ajitie katika masharti ya arudhi? Tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka wa 1974, watetezi wa mashairi huru wameshikilia kwamba arudhi humbana mtunzi. Katika shairi la Amina, hata hivyo, arudhi inatekeleza kazi mbili. Kwanza, humpa mfiwa jambo la kufanya: kila kina kinachotafutwa ni hatua moja ya kutoka katika butwaa. Pili, kibwagizo huiga mwendo wa msiba wenyewe. Fikira husonga mbele mishororo mitatu, kisha hurudi palepale ilipoanzia. Aidha, shairi lililopimwa huimbika na kukaririka, na kwa hiyo msomaji asiyemjua Amina huweza kulibeba kwa ajili ya wafu wake mwenyewe. Shairi huru nalo laweza kufika huko, mradi mtunzi alitafutie mwendo wake na kuufuata kwa uaminifu.

Mlengwa na Sitara

Mwana Kupona anaanza kwa kumwita bintiye aketi karibu naye na kuleta wino na karatasi. Hali kadhalika, Shaaban Robert alimtungia bintiye, Mwanjaa, Utenzi wa Hati, na mwanawe Suleiman, Utenzi wa Adili. Kila utenzi ulikusudiwa mtoto mmoja, ukaja kusomwa na vizazi. Anayesema na mtu mmoja ampendaye hana haja ya kujikweza, na msomaji huhisi unyofu huo hata akiwa mbali.

Hata hivyo, mlengwa huyo pia huweka mpaka. Marehemu hawezi kujitetea, na jamaa walio hai wataishi na kilichochapishwa. Si kila siri ya nyumba inastahili kuanikwa kwa jina la sanaa. Kabla ya kuitoa siri, mtunzi hana budi kujiuliza kama angeweza kuisoma mbele ya mtu aliyemtungia.

Hitimisho

Ni bayana kwamba uchungu pekee hautoshi kuzaa utungo. Mfiwa huteua kumbukumbu moja aliyoishuhudia, akaitafutia umbo, kisha akamkabidhi mtu anayemjua kwa jina. Mwana Hashima alipewa mama yake kwa njia hiyo. Wasomaji wa leo, ambao hawakuwahi kukanyaga Siyu ya wakati ule, waliingia kupitia mlango uleule aliofunguliwa yeye.