Mbwa wa Kijijini na Simba wa Ugalla

Msomaji mpenzi, je, wajua ya kuwa mbwa aweza kumwua simba? Usicheke. Hatusemi habari ya kupigana, maana hapo sote twajua nani atakula na nani ataliwa. Twasema habari ya ugonjwa. Mwaka 1994, katika Serengeti, simba wapatao 1,000 walikufa kwa maradhi yaliyotoka kwa mbwa wa vijijini, mbwa wa kawaida kama huyo alalaye sasa hivi kivulini mwa ghala yako. Habari hii yatuhusu sana sisi tukaao jirani na mapori ya Unyamwezi, na yafaa kila baba na kila mama aifahamu.

SIMBA WA NJIA YA MISAFARA

Nchi yetu na simba wamejuana tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hata ikafika Tabora, na kutoka hapa kwenda Ujiji, ililala ndani ya boma la miiba huku moto ukiwaka usiku kucha. Wapagazi wa Kinyamwezi walijua kwamba mtu asiachwe nyuma ya wenzake porini. Hata Daktari Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, alikuwa na alama ya simba mwilini. Aling'atwa mkono wa kushoto mwaka 1844 huko kusini mwa Afrika, mfupa ukavunjika na haukuunga sawasawa. Alipokufa mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao waliuchukua mwili wake, wakapita nao Tabora mpaka pwani. Ulipofika London mwaka 1874, ulitambuliwa kwa mfupa ule ulioumwa na simba.

Karibu na mwaka 1890 likaja pigo lingine, nalo ni sotoka. Ng'ombe walikufa kwa maelfu, na nyati wa porini vilevile. Watu wakaona njaa, na simba nao wakaona njaa. Likumbuke jina hili la sotoka, maana tutalirudia.

Leo simba wa upande wetu wamebaki hasa katika nchi ya mto Ugalla, kusini na magharibi ya mji wa Tabora, mto ule uvukwao na reli ya Kaliua kwenda Mpanda. Tangu mwaka 1965 nchi hiyo ilikuwa pori la akiba, na mwaka 2019 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Ni nchi ya miyombo, nyuki na mbung'o. Wakati wa kiangazi mto hukatika ukabaki mabwawa tu, na wanyama wote, nyati, korongo, palahala na pofu, hukusanyika penye maji. Simba naye hupafuata hapohapo.

NANI MWENYE NYUMBA?

Watu wengi hudhani dume mwenye manyoya shingoni ndiye mwenye nyumba. Sivyo hata kidogo. Wataalamu wamewachunguza simba wa Serengeti tangu mwaka 1966, wakawajua mmoja mmoja kwa sura, nao wameona kwamba nyumba ni ya majike. Bibi, mama, binti na mama wadogo hukaa pamoja katika nchi yao, na binti akikua mara nyingi hubaki kwao. Huzaa karibu wakati mmoja, wakawalea watoto pamoja, na mtoto aweza kunyonya hata kwa jike asiye mama yake.

Madume ni wageni. Kijana dume afikapo umri wa miaka miwili mpaka minne huondoka kwao, akatembea na ndugu zake au rafiki zake, wawili au watatu, wakitafuta nyumba ya kuiteka. Wakiipata, hukaa huko kwa kawaida miaka miwili au mitatu tu, kisha wengine wenye nguvu zaidi huja kuwafukuza. Na hapo ndipo msiba unapoingia. Madume wapya huwaua watoto wadogo wa wale waliotangulia, ili majike wapate mimba upya upesi. Ni jambo la kuchukiza masikioni petu, lakini ndivyo yalivyo maisha yao. Hata bila vita hivyo, watoto wengi wa simba hawafikishi mwaka mmoja, maana njaa na fisi huwapunguza.

Sasa fikiri, msomaji. Mtu atiapo sumu katika mzoga wa ng'ombe, au ategapo waya, akamwua dume mmoja, hudhani amempunguza simba mmoja tu. Kumbe amefungua mlango. Madume wageni wataingia, na watoto wote wa nyumba ile watakwisha. Ndiyo sababu utafiti uliotolewa mwaka 2004 ulishauri kwamba penye ruhusa ya kuwinda simba, apigwe dume aliyetimiza miaka sita, ambaye watoto wake wamekwisha kupata nguvu. Tanzania iliweka jambo hilo katika kanuni zake mwaka 2010. Umri wake hutazamwa hata puani: pua ya kijana ni nyekundu, na kadiri azeekavyo huzidi kuwa nyeusi.

NDUGU WA SUROA NA SOTOKA

Turudi kwenye ugonjwa. Jina lake ni distempa, nao ni homa ya mbwa. Mbwa aliyeshikwa hutokwa na makamasi na machozi, hukohoa, huharisha, na mwisho hutetemeka na kuanguka kama mwenye kifafa. Kijidudu chake ni cha ukoo mmoja na kile cha surua ya watoto wetu na kile cha sotoka ya ng'ombe. Mtu haugui distempa. Lakini mbweha, fisi, chui na simba waweza kuugua.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walionekana wakitetemeka, wakaanguka, wakafa. Katika simba 3,000 hivi, karibu theluthi moja walipotea. Wataalamu walipopima damu waliona ni distempa, wakafuata nyayo zake hadi kwa mbwa wengi wa vijiji vilivyo kando ya hifadhi. Huenda fisi na mbweha, wanaokuja kijijini usiku kutafuta mabaki, ndio waliouchukua porini.

Lakini pana jambo la ajabu. Damu iliyokuwa imehifadhiwa ilionyesha kwamba ugonjwa huu ulikwisha kupita kwa simba miaka ya nyuma, wala hawakufa kwa wingi. Kwa nini basi safari hii? Jibu lilitolewa mwaka 2008. Ukame wa mwaka 1993 uliwadhoofisha nyati, wakajaa kupe. Simba waliwala nyati wale, wakapata kupe wengi, na kupe wakawatia vijidudu vya damu. Distempa ilipokuja ikavunja kinga ya mwili, na vijidudu vile vikaenea bila kizuizi. Magonjwa mawili yalishikana mikono. Mwaka 2001 simba wa Ngorongoro nao walipatwa vivyo hivyo.

Ngorongoro ilikuwa imeona balaa hata kabla ya hapo. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962, nzi wanaouma walizaliana mno shimoni mle. Waliwatafuna simba mpaka wakawa na vidonda mwili mzima, wakashindwa kuwinda. Toka simba zaidi ya 60 wakabaki kama 10 tu. Baadaye wachache waliingia kutoka nje, na kizazi kilichofuata chote kikatoka kwa mababu hao wachache. Wakawa wakioana ndugu kwa ndugu, na uzazi wao ukapungua nguvu. Serengeti, iliyo na nchi pana na simba wengi, ilijaa tena baada ya miaka michache. Basi twaona kwamba penye simba wachache, waliozungukwa na mashamba pande zote, pigo moja laweza kuwamaliza.

Ndiyo maana twasema habari hizi Tabora. Katika miyombo mawindo yametawanyika, na simba hukaa wachache wachache. Mashamba ya tumbaku na mifugo yamesogea. Mtu akienda kuchunga au kutazama mizinga, mbwa humfuata nyuma, na afikapo bwawani hunywa maji pamoja na wanyama wa porini.

BASI TUFANYE NINI?

Labda utasema, “Simba hula ng'ombe wangu, naye akifa nami nina hasara gani?” Ni swali la haki, wala hatumlaumu mtu aliyepoteza ng'ombe wake. Lakini dawa ya simba mla ng'ombe ni zizi imara la miti na miiba, na mchungaji mtu mzima badala ya mtoto. Sumu haichagui. Huua tai, huua fisi, huua mbwa wako mwenyewe, na mtoto aweza kuishika.

Tena, mbwa asiyechanjwa ni hatari kwako kabla hajawa hatari kwa simba. Mbwa huyohuyo aweza kuleta kichaa cha mbwa nyumbani, na kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili zake kwa mtu, karibu daima humwua. Karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani waliumwa na mbwa. Siku mtakapoitwa kuchanja mbwa kwa kichaa, mwulize daktari wa mifugo na habari ya chanjo ya distempa. Kusema kweli, chanjo ya mbwa peke yake haikuufukuza ugonjwa huu Serengeti, maana wanyama wa porini nao huambukizana. Lakini mbwa aliyechanjwa ni mlango mmoja uliofungwa.

Na ukimwona simba anayetetemeka, au mizoga ya mbweha mingi bila jeraha, usiiguse. Wapashe habari askari wa hifadhi, au viongozi wa jumuiya za wanyamapori za vijiji, kama zile za Ipole na Uyumbu.

Sotoka iliyomaliza ng'ombe wa babu zetu ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani kote. Iliondolewa kwa chanjo, kijiji kwa kijiji, zizi kwa zizi, na watu wasiojua kusoma walishiriki katika kazi hiyo kwa kuleta tu ng'ombe wao siku waliyoambiwa. Mungu alimpa Adamu kuwaita wanyama kwa majina, naye mwenye kupewa kazi hiyo hakupewa kuwaangamiza. Basi nawe, ikitangazwa siku ya chanjo kijijini kwako, mfunge mbwa wako kamba, umpe mtoto mkubwa mwenye nguvu amshike, mwende wote. Wala usimwache yule mbwa mdogo nyumbani.