Homa ya Ini B Iliyofichika na Afya ya Ini kwa Watu Wanaoishi na VVU

Utangulizi

Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto nchini Kenya mwaka 2001, na nchini Tanzania na Uganda mwaka 2002. Watu wazima wengi wanaohudhuria kliniki za Virusi vya UKIMWI (VVU) katika nchi hizi walizaliwa kabla ya hapo, na baadhi yao waliambukizwa homa hiyo utotoni bila kujua. Aliyepona huhesabiwa kuwa hana tatizo. Makala haya yanaeleza kwa nini hesabu hiyo yaweza kupotosha, hususan sasa ambapo mpangilio wa dawa za VVU unabadilika.

Maana ya maambukizi fiche

Kipimo cha kawaida hutafuta antijeni ya uso wa kirusi katika damu. Isipoonekana, mtu huambiwa hana homa ya ini B. Hata hivyo, kirusi hiki huacha vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli za ini, navyo hudumu miaka mingi baada ya antijeni kutoweka. Hayo ndiyo maambukizi fiche: antijeni haionekani, ilhali vinasaba vimo katika ini na pengine katika damu, kwa kawaida chini ya yuniti 200 za kimataifa kwa mililita. Kwa baadhi ya watu, uso wa kirusi umebadilika kiasi kwamba kipimo hakiutambui. Kiashiria kilicho rahisi kupatikana ni kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, ambayo huonyesha kwamba mtu aliwahi kuambukizwa. Hata hiyo yaweza kukosekana kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofika sana.

Dawa moja, kazi mbili

Kinga ya mwili ndiyo inayokidhibiti kirusi kilichojificha. VVU vinapopunguza seli za CD4, udhibiti huo hulegea; kirusi chaweza kuanza kuzaliana upya, ini likavimba na, kwa nadra, likashindwa kufanya kazi. Jambo hili halionekani sana kliniki kwa sababu kidonge kinachotumiwa na wengi kina tenofoviri na lamivudini pamoja na dolutegraviri. Dawa mbili za kwanza hufubaza virusi vyote viwili. Hivyo mgonjwa hutibiwa VVU, na ini lake hulindwa bila yeye wala mhudumu kutambua. Lakini dawa hizo haziondoi vinasaba vilivyomo katika seli. Zikiachwa, ulinzi nao huondoka.

Athari kwa sera

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano za kabotegraviri na rilpivirini kuwa chaguo mbadala kwa watu ambao VVU vyao vimefubazwa na ambao hawana homa ya ini B hai. Sindano hizo hazikifubazi kirusi cha homa ya ini. Vidonge vya dolutegraviri na lamivudini pekee navyo havitoshi, kwa kuwa lamivudini ikibaki peke yake dhidi ya kirusi hicho huzalisha usugu. Swali la kisera, basi, ni hili: mtu huthibitishwa kuwa hana homa ya ini B kwa kipimo kipi?

Kabla ya kuondoa tenofoviri, inafaa kupima antijeni ya uso pamoja na kingamwili ya kiini. Antijeni ikionekana, tiba ya homa ya ini isikatizwe. Ikiwa figo ndizo zinazodhurika, zipo tenofoviri alafenamidi na entekaviri. Kingamwili ikionekana peke yake, si lazima mabadiliko yazuiwe, kwani wengi hawapati madhara. Ila vimeng'enya vya ini vifuatiliwe katika miezi inayofuata, na vinasaba vya kirusi vipimwe vimeng'enya vikipanda. Asiye na kiashiria chochote apewe chanjo.

Hitimisho

Urahisi wa sindano ni faida ya kweli kwa anayechoshwa na vidonge vya kila siku. Gharama ya kipimo cha ziada ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kumtibu mgonjwa ambaye ini lake limeshindwa. Mwongozo wa taifa unaoruhusu dawa mpya hauna budi kutaja kipimo hicho katika ukurasa uleule.