Laptopu Imeamka na Kusema Haioni Diski? Usikubali "Kupiga Windo" Kwanza

Mfanyabiashara mwenzangu, hii imewahi kukukuta? Usiku umemaliza kujibu wateja, umeifunika laptopu bila kuizima. Asubuhi unaifunua upange mizigo ya mkoani, imeganda. Unaiwasha upya, unakutana na kioo cheusi na maneno meupe: "Boot Device Not Found" au "No bootable device". Yaani laptopu inakwambia haioni diski, na vitu vyako vyote viko humo.

Mimi yalinikuta wiki moja kabla ya Idi. Nauza viatu vya watoto. Kwenye ile laptopu kulikuwa na faili la Excel la oda zote: nani kalipa kamili, nani katanguliza nusu, nani anataka saizi gani. Nikakimbilia kwa fundi. Hata hajaifungua akasema, "Hii tunapiga windo upya, baada ya saa mbili unaichukua." Nilibaki kidogo tu niseme sawa. Nikauliza, "Na vitu vyangu je?" Akajibu, "Hivyo vinaondoka."

Hebu fikiria kumpigia mteja aliyeshalipa na kumuuliza, "Samahani, ulinitumia shilingi ngapi?" Huyo harudi tena. Nikachukua laptopu yangu nikaondoka.

Nilichojifunza siku ile ni mpangilio tu: okoa kwanza, pima pili, lipa mwisho.

Kwa nini inatokea baada ya kulala?

Ukiifunika laptopu, mara nyingi haizimiki, inalala. Kazi uliyoifungua inabaki kwenye RAM, na diski inapunguziwa au kukatiwa umeme. Kama ni HDD, ile yenye sahani inayozunguka, inasimama kabisa. Ukiiamsha inahitaji sekunde kadhaa kushika mwendo. Ikichelewa kuitikia, au muunganisho wake umelegea, Windows inaona kama diski haipo. Kwa hiyo ujumbe ule hausemi moja kwa moja kwamba diski imekufa. Inaweza kuwa mpangilio wa umeme, draiva, waya, au kweli diski inakata roho.

1. Okoa

Bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia, kama sekunde 10 au zaidi, mpaka izime kabisa. Chomoa chaja. Subiri dakika moja, chomeka, washa.

Ikifunguka, usianze kupima wala kusasisha chochote. Kopi. Anza na faili la oda na namba za wateja, kisha stakabadhi, picha ziwe mwisho. Weka kwenye flashi, halafu faili la oda jitumie na kwenye barua pepe.

Isipofunguka, usiizime na kuiwasha mara ishirini. Na ukisikia mlio wa "tak, tak, tak" acha kabisa, kila ukiiwasha unaweza kuiharibu zaidi. Nenda kwa fundi na umwambie hivi: "Kaka, kabla ya chochote, toa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, unikopie mafaili yangu." Kaa hapo hapo akifanya, maana humo mna namba za wateja wako. Kompyuta ikidai ufunguo wa BitLocker, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft. Mara nyingi ufunguo umehifadhiwa huko.

2. Pima

Sasa ndiyo utafute ugonjwa. Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Inasoma afya ya diski na kukupa neno moja: Good, Caution au Bad.

✅ Good, na shida inatokea baada ya kulala tu. Diski huenda ni nzima. Fungua Control Panel, ingia Power Options, kisha Change plan settings, halafu Change advanced power settings. Kwenye "Turn off hard disk after" weka 0, maana yake isizimwe. Kwenye PCI Express, "Link State Power Management" weka Off. Halafu rudi Power Options, ingia "Choose what the power buttons do" na uondoe tiki ya fast startup. Tumia siku chache uone.

⚠️ Caution au Bad. Kwa HDD angalia mistari ya 05, C5 na C6. Namba zikiwa zinapanda, diski ina sehemu zilizoharibika. Hapo usibembeleze, badilisha. Ukiweza weka SSD, haina kitu kinachozunguka na laptopu itakuwa nyepesi. Lakini SSD nayo inaweza kufa bila hata kupiga kelele, kwa hiyo nakala bado unazihitaji.

🔌 C7 inapanda huku mingine imetulia. Mara nyingi hiyo ni waya au soketi imelegea. Yangu ilikuwa hii. Fundi mwingine alichomoa diski, akasafisha, akachomeka vizuri. Diski ni ile ile mpaka leo.

Angalizo: utaambiwa uendeshe chkdsk. Ni nzuri, ila ifanye baada ya kukopi. Kwenye diski inayokufa, inaikamua na inaweza kuimaliza.

3. Lipa

Fundi akisema diski imekufa, mwombe akuonyeshe hayo matokeo kwenye kioo. Fundi mzuri hakasiriki. Kupiga windo kunaponya matatizo ya programu. Diski mbovu au waya uliolegea utakurudisha pale pale, na mafaili yako yatakuwa yameshaondoka.

Kuanzia leo jioni

Ukiiweka laptopu kwenye begi, izime kabisa. Nyingine zinaamka zenyewe humo ndani na kupata joto kali.

Kama betri yako imekufa na unategemea chaja tu, usiilaze. Umeme ukikatika, kila ambacho hukuhifadhi kimepotea. Izime, au tumia Hibernate, ambayo inaandika kazi yako kwenye diski kabla ya kuzima.

Na faili la oda lipeleke Google Drive kila siku ukifunga kazi. Unapewa GB 15 bure, na faili la Excel halimalizi bando. Picha za mzigo weka kwenye flashi mara moja kwa wiki.

Sasa kabla hujapita kwenda posti nyingine: faili lako la oda liko sehemu ngapi? Kama jibu ni moja, kopi sasa hivi, halafu rudi utuandikie kwenye komenti "NIMEKOPI". 👇