Bibi Harusi na Babu Tangini Pamoja

Agosti 1942, jijini Washington, Gordon Parks alimpiga picha Ella Watson, mfanya usafi wa ofisi za serikali, akiwa na ufagio na dekio mbele ya bendera ya Marekani. Kamera za aina aliyotumia Parks zilitumia filamu ya kipande kimoja kimoja, na kila kipande kingeweza kusafishwa kivyake. Mwenye mkanda wa picha 36 hana anasa hiyo. Bibi harusi aliyepigwa picha juani Rock Creek Park na babu aliyejikalia pembeni ukumbini Silver Spring wataingia tangi moja, kwa dawa moja ya kusafishia na dakika zilezile.

Ndiyo maana nikiulizwa ninunue dawa gani, nami huuliza: umepiga nini?

Dawa hukimbilia palipopata mwanga mwingi. Ukirefusha muda, shela nyeupe inazidi kukolea kwenye negativi mpaka nakshi zake zinapotea, ilhali vivuli havisogei sana. Uso mweusi ulionyimwa mwanga kamera ilipofyatuliwa hauokolewi na dawa yoyote, hata ya bei ghali. Kwa hiyo mimi mkanda wa ISO 400 huupiga kama wa 200, nikipima mwanga usoni mwa babu, kisha napunguza muda wa kusafisha kidogo ili shela ipone.

Baada ya hapo, jina la chupa ni jambo dogo. Anayeanza achukue D-76, aichanganye na maji nusu kwa nusu. Humo mkanda wa Tri-X 400 huiva kwa karibu dakika 10 katika nyuzi 20 za Selsiasi. Rodinal, iliyopo tangu 1891, hukaa miaka bila kuharibika, lakini chembe zitaonekana wazi. Wapo wanaozipenda.

Kinachoharibu mikanda mingi ni joto. Julai, maji ya bomba ya hapa karibu na Washington, yanayotoka mto Potomac, huja vuguvugu kama ya Dar es Salaam. Kwenye nyuzi 24 zile dakika 10 zinashuka chini ya nane. Zikishuka chini ya tano, dawa huweza kuacha mabaka. Weka chupa kwenye beseni la barafu, na kipimajoto kiwe ndani ya dawa, si ndani ya beseni.

Unaweza kupeleka mkanda maabara, ila wao husafisha kwa wastani wa wateja wote. Mpiga picha Dorothea Lange, aliyeishi California, alibishana na mkuu wake wa kazi Roy Stryker kuhusu jambo la namna hii: Stryker alitaka negativi zote Washington, Lange alitaka zake mkononi mwake. Mimi niko upande wa Lange.

Ukisafisha nyumbani, usimwage fiksa (dawa ya kukaza picha) iliyotumika. Imebeba fedha ya mkanda (madini, si noti). Sisi wa Kaunti ya Montgomery huipeleka kituo cha taka cha Shady Grove, kwenye taka za sumu.