Fleti za Kando ya Mto na Chuo Kikuu: Mfano wa St Lucia, Brisbane

Mtu anunuaye fleti katika kitongoji cha St Lucia, mjini Brisbane, Australia, hupewa vitu viwili kwa bei moja. Cha kwanza ni vyumba vyake, ambavyo amekwisha kuviona na kuvipenda. Cha pili ni uanachama katika umoja wa wenye fleti wa jengo zima, ambao mara nyingi hakuutazama kabisa. Hawezi kuchukua kimoja akaacha kingine, wala hawezi kujiuzulu uanachama huo mpaka siku atakapouza. Makatibu wa vyama watautambua umoja huo mara moja, kwa kuwa una mwenyekiti, katibu na mtunza hazina, una mkutano mkuu wa mwaka, una michango, na una wanachama wasiohudhuria.

Kitongoji chenyewe kimekaa ndani ya kona kubwa ya Mto Brisbane, maji yakikizunguka pande tatu. Ni nchi ya asili ya watu wa Turrbal na Jagera. Katika karne ya 19 wazungu walilima miwa hapo, na jina la St Lucia lilitokana na kisiwa cha Karibi alikozaliwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Mwaka 1926 daktari James Mayne na dada yake Mary Emelia walitoa fedha ili halmashauri ya mji inunue ardhi hiyo kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Queensland, ambacho wakati huo kilikuwa kimebanana katikati ya mji. Ujenzi ulianza mwaka 1937. Vita Kuu ya Pili ilipofika, jengo kuu lilichukuliwa na jeshi, na masomo yakahamia huko baada ya vita kwisha. Leo chuo kina wanafunzi zaidi ya 50,000 katika kampasi zake zote, na St Lucia ndiyo kampasi kubwa. Penye wanafunzi wengi kiasi hicho, mwenye chumba cha kupangisha hakosi wa kumbishia hodi.

Mgeni afikaye kutembea hana sababu ya kulalamika. Boti za abiria, zilizoanza safari mwaka 1996, humchukua kutoka katikati ya mji na kumshusha kwenye gati la chuo, na tangu Agosti 2024 nauli ya boti, basi na treni ni senti 50 tu za Australia. Ataona ua mkubwa wa nusu duara uliozungukwa na majengo ya mawe ya mchanga. Akifika mwezi wa Oktoba ataona mijakaranda imechanua zambarau, na mtu wa Nairobi au Arusha atajiona yuko kwao. Wanafunzi wa huko husema kwamba asiyeanza kusoma kabla ya maua hayo kuchanua amekwisha kuchelewa mitihani. Tangu Desemba 2006 lipo pia daraja la Eleanor Schonell, la mabasi, baiskeli na waendao kwa miguu, lisilopitisha magari ya watu binafsi. Daraja hilo liliwawezesha wanafunzi kupanga ng'ambo ya mto na kufika darasani kwa dakika chache.

Kwa mpangaji, sheria za jimbo la Queensland zina mambo kadhaa yanayofaa kujulikana na mzazi aliyempeleka kijana wake kusoma huko. Pango huhesabiwa kwa wiki. Amana anayotozwa mpangaji haizidi pango la wiki 4, na haikai mfukoni mwa mwenye nyumba. Hupelekwa kwenye mamlaka ya serikali ya upangaji, ambayo huirudisha mwishoni iwapo hakuna deni wala uharibifu. Pango haliwezi kupandishwa zaidi ya mara moja katika miezi 12, na mwenye nyumba au wakala wake haruhusiwi kupokea pango lililo juu ya lile lililotangazwa, hata kama mpangaji mwenyewe amelitaka. Kijana akiambiwa atume amana kwenye akaunti ya mtu asiyemjua kabla hajaiona nyumba, basi ajue mlango huo si wa kupitia.

Lakini jambo linalotenganisha fleti na fleti katika St Lucia ni mto. Kitongoji kina vilima na mabonde. Nyumba mbili za barabara moja zaweza kuwa na bei zinazokaribiana, moja ikawa haijapata kulowa na nyingine ikawa imezama mara tatu. Katika kipimo cha maji cha mjini, mto ulifika mita 8.35 mwaka 1893, mita 5.45 Januari 1974, mita 4.46 Januari 2011, na mita 3.85 Februari 2022. Baada ya mafuriko ya 1974 lilimalizwa kujengwa bwawa kubwa la Wivenhoe katika miaka ya 1980, na watu wengi wakaamini kwamba mambo ya mafuriko yamekwisha. Bwawa kweli hupunguza maji, ila haliyazuii yale yanayoingia mtoni chini yake. Kizazi kizima kilinunua na kujenga kwenye mabonde kikiwa na imani hiyo. Wakazi wa Jangwani, Dar es Salaam, waliopatwa na mafuriko ya Desemba 2011, mwaka uleule, wataelewa vizuri jinsi kumbukumbu ya maji inavyokauka upesi kuliko maji yenyewe.

Waathirika wa Brisbane walipeleka shauri mahakamani kuhusu namna mabwawa yalivyoendeshwa mwaka 2011. Walishinda mwaka 2019. Serikali ya jimbo na shirika moja la maji wakakubali kulipa dola milioni 440 za Australia, lakini mdaiwa wa tatu alikata rufani, na mwaka 2021 rufani yake ikakubaliwa. Ni miaka 10 tangu maji yalipopungua.

Bima nayo ilikuwa na mtego. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2012, kila kampuni ilikuwa na maana yake ya neno mafuriko. Hati nyingi zilifidia maji ya mvua yaliyoingia kutoka juu, zikakataa maji ya mto yaliyopanda kutoka chini, na mwenye nyumba aliyekuwa na matope hadi dirishani aliulizwa yalitoka upande gani. Sasa ipo maana moja ya kisheria. Hata hivyo, kuwapo kwa maana moja hakukupunguza bei ya bima kwenye mabonde.

Hapo ndipo ule uanachama wa lazima unapojitokeza. Mwenye fleti ya ghorofa ya nne hulala mkavu wakati wa mafuriko. Lakini swichi kuu za umeme, mashine ya lifti, pampu za maji na maegesho ya magari katika majengo mengi ya kando ya mto huwa chini kabisa, na vyote hivyo ni mali ya pamoja. Vikizama, mkazi wa juu hukaa gizani, hupanda ngazi kwa miguu, na wapangaji wake huondoka. Tena gharama ya kuvirudisha huangukia umoja mzima. Huwezi kusema, "Mimi maji hayakunifikia."

Kwa sheria ya Queensland ya mwaka 1997, umoja wa wenye fleti hutakiwa kuwa na mifuko miwili. Mfuko wa uendeshaji hulipia usafi, taa za ngazi na mambo ya kila siku. Mfuko wa matengenezo makubwa huwekewa akiba ya paa, rangi, lifti na mabomba, na makadirio yake hutazama miaka kama 10 mbele. Umoja hulazimika pia kuliwekea jengo bima ya thamani kamili ya kulijenga upya. Mwanachama akichelewesha mchango aweza kutozwa riba hadi asilimia 2.5 kwa mwezi, na kwa mambo mengi hapigi kura mpaka alipe.

Mwana ushirika ataona tofauti moja kubwa. Katika chama cha ushirika mtu mmoja ana kura moja, awe na hisa mbili au mia mbili. Katika umoja wa wenye fleti kura hufuata fleti. Mwenye fleti 8 ana kura 8. Katika kitongoji cha chuo, ambako wenye fleti wengi hawaishi humo bali wanapangisha, mtu huyo akikaa na rafiki zake wawili, mkutano umekwisha. Sheria imejaribu kuzuia ukusanyaji wa kura za wasiohudhuria: katika jengo lenye fleti 20 au zaidi, mtu mmoja hawezi kushika uwakilishi wa zaidi ya asilimia 5 ya fleti zote. Lakini hakuna sheria iwezayo kumtoa mwanachama kitandani ili ahudhurie.

Matokeo ya utoro huo ni yaleyale yanayojulikana katika vyama vyetu. Wenye kupangisha hupenda mchango mdogo, kwa kuwa mchango mdogo huongeza faida ya mwaka huu. Mfuko wa matengenezo makubwa ukawa mwembamba. Siku lifti inapokufa, hutolewa mchango maalumu wa dharura, na aliyenunua mwezi uliopita hulipa kwa uzembe wa miaka 15 ambayo hakuwamo. Upo pia mkataba wa msimamizi wa jengo, ambao katika baadhi ya majengo huruhusiwa kufikia miaka 25. Huo humfunga mnunuzi mpya sawasawa na waliousaini. Migogoro hupelekwa kwa Kamishna wa serikali, ambaye kazi yake haiko mbali sana na ya Mrajis.

Kwa mgeni mwenye fedha za kuwekeza, njia imekuwa nyembamba. Kuanzia 1 Aprili 2025 serikali ya Australia iliwakataza wageni kununua nyumba zilizokwisha kujengwa, isipokuwa kwa sababu chache, katazo lililowekwa kwanza hadi 31 Machi 2027. Anayeruhusiwa kununua nyumba mpya hutozwa na jimbo ushuru wa ziada wa asilimia 8. Hata mwenyeji hana hakika ya wapangaji: Machi 2020 mipaka ya nchi ilifungwa kwa ajili ya Uviko, wanafunzi wa nje wakazuiwa kwa karibu miaka miwili, na vyumba vya kitongoji hicho vikakosa watu ambao ndio vilijengewa.

Tangu 1 Agosti 2025 muuzaji hulazimika kumpa mnunuzi hati ya maelezo kabla ya mkataba, pamoja na cheti cha umoja wa fleti. Yafaa ieleweke kwamba hati hiyo hailazimiki kueleza kama nyumba imepata kufurika. Hilo mnunuzi hulitafuta mwenyewe. Halmashauri ya mji wa Brisbane hutoa bila malipo taarifa ya kila kiwanja, ikionyesha kimo cha ardhi na kimo ambacho maji yaweza kufika. Mnunuzi ana haki pia, kwa kulipa ada, kukagua majalada ya umoja: hesabu za mifuko miwili, orodha ya wanaodaiwa, hati ya bima na kumbukumbu za mikutano. Kumbukumbu zilizofuata Februari 2022 ndizo za kufunguliwa kwanza, maana humo huonekana kama wanachama walikubali kuhamishia swichi kuu za umeme ghorofa ya juu, au walizirudisha palepale zilipozamia.