Nyumba Yako, Kiwanja cha Mwingine

Juma lililopita tulijifunza jinsi fundi achoravyo mtambo kwa kompyuta. Leo natutazame kitu kisichoonekana katika kioo chake, nacho ni kiini cha programu ya kuchora.

Ukiiamuru programu itoboe tundu katika kipande cha chuma, vitufe uvionavyo havifanyi hesabu. Hesabu hufanywa na kiini. Hicho ndicho kijuacho nyuso na kingo za umbo, mahali zikutanapo, na kipi kibaki kipi kiondolewe. Kazi hiyo ni ngumu, nayo huchukua miaka mingi kuiweka sawa. Kwa hiyo wenye programu wengi hawajitengenezei kiini, bali hukikodi kwa leseni.

Mnaijua desturi ya Mombasa: nyumba ni ya mtu huyu, ardhi ni ya yule, na kodi ya kiwanja hulipwa. Ndivyo ilivyo hapa.

Mathalani, kiini kiitwacho Parasolid asili yake ni Cambridge, Uingereza, na sasa ni mali ya Siemens ya Ujerumani. Programu ya SolidWorks, iliyotoka mwaka 1995, hutumia kiini hicho. Mwaka 1997 ilinunuliwa na Dassault Systèmes ya Ufaransa. Basi Dassault huuza programu iliyojengwa juu ya mali ya mshindani wake!

Je, kiwanja kikinunuliwa na mshindani, mpangaji afanyeje? Autodesk ya Marekani ilikuwa ikitumia kiini cha ACIS. Mwaka 2000 Dassault ikainunua kampuni ya Spatial, iliyokuwa na ACIS. Mwaka uliofuata Autodesk ilianza kukiendeleza kiini chake yenyewe, ShapeManager, kutokana na nakala ya ACIS iliyokuwa nayo kwa leseni. Shauri likafika mahakamani, na Autodesk ikashinda mwaka 2003.

Iko njia ya tatu. Open CASCADE, kiini cha Kifaransa, kilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1999, na FreeCAD hukitumia. Hakuna ada, lakini akibadilishaye na kukigawa kwa wengine hana budi kuyatoa wazi mabadiliko yake.

Yakuhusu nini wewe? Michoro yako. Ukihamia programu yenye kiini kingine, umbo aghalabu hufika, lakini hatua ulizolijengea hupotea, na pengine nyuso huachana ikabidi kuziunga upya. Kazi ya miaka kumi yaweza kuwa kama jiwe lisilochongeka. Basi kabla ya kununua, uliza: kiini ni cha nani, na michoro yangu itatokaje nikitaka kuhama?

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini wenye programu hukodi kiini?
2. Leseni ya Open CASCADE yatofautianaje na ya kulipia?
3. Shule yenu ya ufundi ingechagua ipi, na kwa sababu gani?

Kwaherini, hadi juma lijalo.