Ndege Hafunzwi kwa Fimbo

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) amewataja ndege mahali pengi katika Kitabu chake, na kila alipowataja ameweka ndani yake somo. Hudhud alimletea Nabii Sulaiman (A.S.) habari ya Sabaa ambayo mfalme mwenyewe hakuwa nayo. Kunguru alimwonyesha mwana wa Adam namna ya kuusitiri mwili wa nduguye. Na Nabii Ibrahim (A.S.) aliamrishwa achukue ndege wanne, kisha awaweke juu ya milima na kuwaita, wamjie mbio. Kuhusu neno lililotumika katika aya hiyo ya Suratul Baqara, wafasiri wametaja maana mbili: kuwakata vipande, na kuwaelekeza kwake mpaka wamzoee. Muujiza ni wa Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini tunaona kwamba hata katika muujiza, mwito ulikuwapo na ndege aliuitikia.

Tumeyakumbuka hayo kwa sababu ya swali tuliloulizwa na wazazi wa Isiolo, mji ambao jamaa wengi wa pwani wana wakwe na wajomba huko. Watoto wao wanafuga njiwa, na wengine wanatamani kasuku. Waliuliza: je, ni halali? Na ikiwa ni halali, mtoto amfunze vipi ndege wake bila kumdhulumu? Swali la pili ni zito kuliko la kwanza, na halisikiki mara nyingi.

Kuhusu uhalali, wanazuoni wametegemea hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.). Mtoto huyo alikuwa na kijidege chake cha kuchezea, na kilipokufa Mtume (S.A.W.) alimliwaza kwa maneno ya mzaha wa upole. Hakumkemea kwa kumfuga. Mwanachuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass, aliiandikia hadithi hiyo fupi risala nzima na akatoa ndani yake faida zipatazo 60. Miongoni mwa yaliyofahamika kwayo ni kwamba mtoto anaruhusiwa kuwa na ndege, kwa sharti asimtese na asimnyime chakula na maji. Sharti hilo si dogo. Tunaijua sote habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Kizimba kinapofungwa, riziki ya aliyemo ndani imekuwa amana shingoni mwa aliyekifunga.

Tukija kwenye namna ya kufunza, vitabu vyetu havikunyamaza. Suratul Maida, aya ya 4, imehalalisha mawindo ya wanyama waliofunzwa, na kutoka hapo mafaqihi wakachunguza: ni lini tutasema mnyama huyu amefunzika? Katika madhehebu ya Hanafi, kitabu cha al-Hidaya cha Imam al-Marghinani kinatofautisha baina ya mbwa na kozi. Mbwa hujulikana kuwa amefunzika anapoacha kula windo. Kozi hujulikana kwa kurudi anapoitwa. Na sababu iliyotajwa ni ya kustaajabisha: mwili wa kozi hauwezi kustahimili kipigo. Kwa hiyo hana njia ya kufunzwa ila kuzoeshwa kwa chakula mpaka ukali wake utulie. Sisi Mashafii tuna masharti yetu katika suala la windo, na hatukusudii hapa kulichambua. Tunachotaka ni ile hoja: kwamba karne nyingi zilizopita, mwanachuoni aliyeketi na vitabu vyake alikuwa akijua anachokijua mfugaji wa kozi jangwani. Ukimpiga ndege, ama atakufa, ama atakuogopa. Na siku utakapomfungua hatarudi.

Ndugu zetu wa Oman na nchi za Ghuba wanalijua jambo hilo kwa vitendo. Ufugaji wa kozi, ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2010 katika orodha ya turathi za wanadamu, umesimama juu ya kipande cha nyama na subira. Kozi huketishwa mkononi usiku na mchana mpaka aone kwamba mkono ule hauna shari. Hulishwa juu yake. Kisha huitwa kutoka hatua moja, halafu kumi, halafu mia, akiwa amefungwa uzi mrefu; na mwisho uzi huondolewa. Siku hiyo mbingu yote iko wazi mbele yake, na kinachomrudisha ni kumbukumbu ya wema tu.

Lakini hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta ushahidi. Katika nchi ya Waborana, inayoanzia Isiolo na kuendelea hadi Marsabit na Moyale, yupo ndege ambaye hajawahi kuingia kizimbani na bado hufanya kazi pamoja na mwanadamu. Ni kiongozi-asali, ndege wa rangi ya kijivu na kahawia, urefu wake kama sentimita 20. Yeye hula nta, lakini hawezi kuvunja gogo wala kustahimili nyuki. Mtu ana shoka na moto, lakini hajui nyuki walipo. Basi Mborana anayetafuta asali hupiga mluzi wao unaoitwa fuulido, kwa kupuliza ndani ya viganja alivyovikutanisha, au katika gamba la konokono, au katika kokwa la koma lililotobolewa. Sauti yake husikika zaidi ya kilomita moja. Ndege akiisikia huja, akalia, akaruka kutoka mgunga huu hadi ule, akingojea afuatwe.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Kenya, Hussein Adan Isack, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha utafiti wao katika jarida la Science. Waborana walikuwa wakisema kwamba kwa mruko wa ndege huyo, kimo anachotua na mlio wake, wao hujua upande waliko nyuki, umbali wao, na wakati wa kufika. Wataalamu walipima, wakakuta maneno ya wazee ni ya kweli. Katika sehemu wasiyoizoea, watu wasio na ndege walitumia kwa wastani karibu saa 9 kupata makao ya nyuki. Walioongozwa walitumia zaidi kidogo ya saa 3. Na katika kila makao 100 yaliyoonyeshwa, 96 ndege asingeweza kuyafikia kama mtu asingeyafungua. Kila mmoja anamhitaji mwenzake, na nta inayobaki ndiyo ujira.

Huko Niassa, Msumbiji, Wayao nao humwita ndege huyo kwa sauti yao, na utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mwito huo ulizidisha uwezekano wa kupata makao ya nyuki zaidi ya mara tatu. Wayao humwekea nta yake juu ya majani. Wahadza wa Tanzania wana mluzi mwingine, na mara nyingi huificha nta ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Mwaka 2023 ikabainishwa kwamba ndege wa kila sehemu huitikia zaidi mwito wa watu wa sehemu hiyo kuliko mwito wa wageni. Kiongozi-asali hutaga katika viota vya ndege wengine, wala hamlei mtoto wake. Kwa hiyo kinda hawezi kufundishwa mwito huo na mzazi. Hujifunza mwenyewe, kwa kuona kwamba penye sauti fulani hupatikana chakula. Subhanallah! Na pale ambapo watu wameacha kuita, ndege nao huacha kuja. Vijana wa Isiolo wanaonunua asali ya chupa dukani na wajiulize ni nani katika ukoo wao bado anajua kupiga fuulido.

Sasa turudi kwa mtoto na njiwa wake. Aanze kwa kumwacha ndege siku kadhaa azoee mahali, pasipo kumshikashika. Achague ishara moja, mluzi au mtikiso wa kopo lenye mtama, na asiibadilishe. Ishara itangulie, chakula kifuate papo hapo. Kikichelewa, ndege hatajua analipwa kwa lipi. Amfunze kabla ya mlo, wakati ana hamu ya kula, lakini asimshindishe na njaa. Hamu ni mlango, njaa ni dhulma. Somo liwe la dakika chache, na liishe ndege angali anataka. Amfunze jambo moja, likishika aongeze la pili. Ndege akikosea, asipate punje, hiyo inatosha. Asikemewe, asirushiwe kitu, asivutwe bawa. Akiogopa, mtoto arudi nyuma hatua moja, aanze pale alipokuwa ametulia.

Yapo pia ya kujiepusha nayo. Kupiganisha majogoo ni haramu, na kuchezea kamari mbio za njiwa ni haramu. Kupanda juu ya paa kwa kisingizio cha njiwa na kutazama nyua za majirani ni kuvunja sitara zao. Na anayemtamani kasuku wa kijivu ajue kwamba biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliokamatwa porini ilipigwa marufuku katika mkutano wa mataifa huko Johannesburg mwaka 2016, na kwamba kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2013 hafugwi mnyama wa porini bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kinda aliyeibwa kiotoni hawi halali kwa sababu umemlisha vizuri. Mtume (S.A.W.) alimwona ndege mama akihangaika kwa kuchukuliwa makinda yake, akaamuru arudishiwe.

Jambo la mwisho ni shauri tuliloletewa huko huko Isiolo. Watoto wawili wa nyumba jirani walikuwa na njiwa. Mmoja alikuwa akiwaita wake jioni kwa kopo la mtama. Wa pili alikuwa akiwafukuza wake kwa ufito mpaka waingie kizimbani. Kidogo kidogo njiwa sita wa huyu wa pili wakahamia kwa jirani. Baba zao wakaacha kusalimiana, hata msikitini walikuwa wakipitia milango tofauti. Mmoja akasema mwanawe ameibiwa. Mwingine akasema ndege amechagua mwenyewe. Tulipomuuliza mwenye kopo, alisema, “Sheikh, mimi siwaiti wake. Naita wangu, na wake wanasikia.”

Hukumu iko wazi katika Minhaj ya Imam al-Nawawi, kitabu tunachokisoma darasani: njiwa wa mtu akihamia kwenye kizimba cha mwingine, ni lazima arudishwe. Ndege hana mamlaka ya kuhamisha mali ya mwenyewe. Tuliwaambia hivyo, na njiwa wakarudishwa wote sita. Baada ya siku chache wakahamia tena. Hapo ndipo bibi wa nyumba ya pili aliposema maneno ambayo sisi wenye vitabu hatukuyasema: “Wanangu, sheria imewarudisha njiwa. Nani atawafanya watake kukaa?” Akauchukua ule ufito akauchochea jikoni, kisha akamtuma mjukuu wake kwa jirani akafundishwe kutikisa kopo.

Njiwa wanne sasa wanalala kwao. Wawili bado wana ukaidi, na kila magharibi hurudishwa ndani ya kikapu, na mara nyingi anayekipokea mlangoni ni baba mtu. Huwezi kupokea kikapu cha mtu bila kumjibu salamu.

Hatusemi kwamba mtoto ni ndege. Mtoto ana akili, na siku moja ataulizwa kwa matendo yake. Ana haki ya kuonywa na kuelezwa. Lakini mzazi au mwalimu anayejivunia kwamba watoto wake humtii, na ajipime kwa kipimo cha al-Hidaya. Asitazame wanavyotulia mbele yake wakati mlango umefungwa. Atazame siku mlango utakapokuwa wazi, wamekua, wana nauli mfukoni na dunia yote mbele yao: akiita, watarudi?

Mwenyezi Mungu atujaalie upole katika nyumba zetu na katika madrasa zetu, na awape wazazi wa Isiolo na wa pwani watoto wanaorudi. Amin.